Jina Chini ya Picha

Kitabu cha sanaa mimi huanza kukisoma kwenye maandishi madogo. Picha nitaziona baadaye, hazikimbii. Ninachotafuta kwanza ni ile mistari miwili mitatu iliyo chini yake. Ikiwa imeandikwa "Mlango wa nakshi, Zanzibar, karne ya 19" na basi, nakifunga. Ikiwa pana jina la fundi, au mwandishi ameeleza kwamba alilitafuta asilipate, nakaa nacho mpaka usiku. Wanafunzi wangu hapa Mji Mkongwe wanaijua tabia hii na wananicheka. Lakini wakinijia kuniuliza, "Mwalimu, tusome nini?", kwa kuwa wamesikia kuna vitabu na majarida tele siku hizi ya wasanii na wasanifu wa kila rangi na kila pembe ya dunia, hicho ndicho kipimo ninachowapa. Soma chini ya picha kwanza.

Kipimo hicho kina mpinzani mmoja, na namheshimu kuliko maprofesa walioandika vitabu hivyo. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa nakshi. Milango yake mingine ipo mjini humu, mingine ilipakiwa kwenda Oman, mmoja naujua uko kwenye hoteli, watalii wanapiga picha mbele yake. Hakutia jina lake hata kwenye mmoja. Nilipokuwa msichana nilimshauri aandike japo herufi moja nyuma ya mfaa, pahali ambapo mtu hapaoni mpaka avunje mlango.

"Ikiwa hapaonekani, herufi ya nini?" alinijibu. "Na ikiwa panaonekana, mwanangu, hiyo ni ria."

Akaendelea na patasi yake. Kwake yeye mjadala ulikwisha hapo. Kwangu haujaisha hadi leo.

Kwa msomaji asiyelelewa katika Uislamu: ria ni kufanya jambo jema ili watu wakuone. Tulifundishwa chuoni tangu wadogo kwamba ria huila amali kimyakimya, na kwamba mtu hodari kabisa ni yule anayetoa sadaka kwa mkono wa kulia na wa kushoto usijue. Imam Ghazali, katika Ihya, alitenga kitabu kizima cha kueleza ugonjwa huu wa kupenda jaha na kupenda kuonekana. Mjomba hakuwa mtu wa vitabu, lakini alipochonga aya kwenye kizingiti cha juu alikuwa na udhu, na kazi ile aliihesabu kuwa ibada. Kuandika jina lake mwenyewe chini ya maneno ya Mungu aliona ni sawa na kujipigia makofi msikitini.

Basi swali langu ni hili, na si la mzaha. Vitabu hivi vinavyosherehekea sauti mbalimbali vimejengwa juu ya imani kwamba fundi kutajwa ni haki yake. Mjomba alijengwa juu ya imani kwamba fundi kujitaja ni maradhi ya moyo. Je, mmoja wao amekosea? Na kama Mjomba hakukosea, mimi nafanya nini darasani?

Mjomba alizungumza kana kwamba mila yetu yote imesimama nyuma yake. Haikusimama yote. Nenda Kizimkazi, kusini mwa kisiwa, uingie msikiti wa Dimbani. Kwenye ukuta wa kibla kuna maandishi ya Kikufi, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, katika maandishi ya zamani kabisa ya Kiislamu yaliyobaki pwani hii. Jina lipo. Ni la Sheikh Abu Imran Musa bin Hassan bin Muhammad, aliyeamuru msikiti ujengwe. Karne tisa waumini wanasali wakiuelekea ukuta wenye jina la mtu, na sijasikia mtu akisema ile ni ria. Asiyetajwa ni yule aliyeshika patasi, aliyezipinda zile herufi mpaka zikawa kama matawi yaliyosukwa.

Au tazama kanga. Chukua ya Mombasa, ya zile za zamani, usome ukingoni: K.H.E., Mali ya Abdulla. Ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak. Mfanyabiashara ana jina, na kanga yenyewe ina jina lake pale katikati ya mji, methali au mafumbo ya kumrushia jirani. Aliyechora pindo, aliyepanga korosho nne pembeni zikakaa sawa, yeye ni nani? Hutampata. Nikitazama mifano hii miwili pamoja naona unyenyekevu ule ambao Mjomba aliupenda huombwa siku zote kwa mtu yuleyule, fundi. Tajiri haombwi. Hilo peke yake linatosha kumtia mtu shaka, ingawa halimjibu Mjomba, kwa sababu yeye hakuombwa na mtu, alichagua.

Jibu lililonishughulisha zaidi limo ndani ya dini yenyewe, tena kwenye elimu ambayo Mjomba aliiheshimu mno, elimu ya Hadithi. Fungua Sahihi ya Bukhari ukurasa wowote. Kabla hujafika kwenye neno la Mtume unapita kwenye majina: fulani ametusimulia kutoka kwa fulani, naye kutoka kwa fulani. Mlolongo huo ndio isnadi. Mwanachuoni Abdullah bin Mubarak anajulikana kwa kusema kwamba isnadi ni sehemu ya dini, na bila hiyo kila mtu angesema alitakalo. Hakuna aliyewashutumu wapokezi kwamba wanajionyesha kwa kutajwa. Na hapa pana jambo ambalo wapenzi wa sherehe hulipita: wale wapokezi hawakutajwa ili wasifiwe. Walitajwa ili wachunguzwe. Wanavyuoni waliandika majalada juu ya majalada wakiwapima mmoja mmoja: huyu ni madhubuti, huyu kumbukumbu yake ilidhoofika uzeeni, huyu ni mwongo, asichukuliwe kwake kitu. Ukitajwa umeshikika. Jina lako limekuwa dhamana ya ulichokileta.

Waandishi wa khati wa zama za Waothmani walikuwa na utaratibu unaokaribia huo. Mwanafunzi hakuruhusiwa kuweka sahihi kwenye kazi yake mpaka mwalimu amempa ijaza, yaani idhini. Kwa hiyo sahihi haikuwa kibandiko cha majivuno. Ilisema kwamba kuna mwalimu aliyekubali kulaumiwa ikiwa alifu yangu imepinda. Siku nilipolisoma hilo nilitamani Mjomba awe hai nikamwambie. Angenijibu, nina hakika, kwamba yeye hakupewa ijaza na mtu, alipewa kibao na nyundo akiwa na miaka kumi.

Sasa niseme kuhusu vitabu, maana ndivyo nilivyoulizwa.

Cha kwanza ninachowapa wanafunzi kinahusu milango, na si ya kwetu. Ni kitabu cha Roslyn Adele Walker kuhusu Olowe wa Ise, kilichotolewa mwaka 1998 na jumba la makumbusho ya sanaa ya Kiafrika la Smithsonian, Washington. Olowe alikuwa mchongaji wa Kiyoruba aliyefariki mwaka 1938. Aliwachongea wafalme wa Ekiti nguzo na milango, na miongoni mwa kazi zake ni milango ya kasri la Ogoga, mfalme wa Ikere. Nakshi zetu za pwani zinalala bapa kwenye ubao. Za Olowe zinajitokeza nje, vichwa vimeinama mbele kana kwamba watu wale wanataka kushuka waondoke. Upande mmoja mfalme amekaa na watu wake. Upande wa pili Mzungu mtawala anawasili amebebwa kwenye machela. Ukitazama vizuri unamwona fundi akicheka chini chini, maana mgeni yule mwenye nguvu zote amekunjwa ndani ya machela yake na magoti juu.

Mwaka 1924 milango hiyo ilipelekwa Wembley, London, kwenye maonyesho makubwa ya himaya ya Waingereza, ikasifiwa sana. British Museum wakaitaka. Ogoga hakutaka fedha. Akapewa kiti cha enzi kilichotengenezwa Uingereza, milango ikabaki. Sifa zilibaki nayo pia, lakini jina la fundi halikufuatana na sifa hizo. Kwa miaka mingi watu wa huko waliitazama kazi ya mtu aliyekuwa bado hai, anachonga, nyumbani kila mtu anamjua, wakaiita kazi ya Wayoruba.

Jina lilikuwa wapi wakati huo wote? Lilikuwa kinywani mwa wake zake. Wayoruba wana tungo za sifa ziitwazo oriki, na mwaka 1988, nusu karne baada ya Olowe kufariki, mkewe mmoja aliyekuwa bado hai, Oluju-ifun, alimghania mtafiti John Pemberton oriki ya mumewe. Humo amehifadhiwa mtu na kazi zake na mahali alipozifanya. Mimi hapa huwa nasimama nikimfikiria bibi yule. Olowe hakujitaja kwenye ubao. Alitajwa na mwingine, kwa ulimi, na huyo mwingine hakuwa akitafuta chochote kwa ajili yake mwenyewe. Hapo ndipo nilipoona kwamba Mjomba na mimi tulikuwa hatugombani. Yeye alizungumza juu ya kujitaja. Mimi nazungumza juu ya kutaja. Ria ni hatari ya anayetenda. Kunyamaza ni kosa la anayesimulia. Mtu anaweza kuficha sadaka yake, akapata thawabu. Lakini aliyeipokea akisema "sijui nani kanipa" naye anajua, huyo amesema uongo, na unyenyekevu wa mtoaji hauwezi kumfunika.

Naona pingamizi inakuja: haki ya jina ni haki ya mja, na mja anaweza kuisamehe haki yake. Mjomba aliisamehe. Kweli. Ila jina si lake peke yake. Kijana anayeanza kushika patasi leo ana haki ya kujua ua la yungiyungi la namna ile lilitoka mkono gani, likapita kwa nani, likamfikia vipi. Ukilikata hapo katikati, unamwachia mlango usio na nasaba, na mtu wa utalii anakuja kumjazia pengo kwa hadithi zake: samaki maana yake hivi, mnyororo maana yake vile, zote kwa uhakika wa ajabu. Nazisikia kila siku zikipita chini ya dirisha langu, kwa lugha nne.

Kitabu cha pili si cha Afrika, na kinawatatiza wanafunzi, ndiyo maana nakipenda. Mwaka 1900 msomi Mmarekani mweusi, W. E. B. Du Bois, alipeleka Paris, kwenye maonyesho ya dunia, chati zipatazo 60 zilizochorwa kwa mkono kuonyesha maisha ya Wamarekani weusi: ardhi waliyomiliki, elimu, kazi, idadi ya watu. Ni chati kweli, takwimu tupu, lakini mistari inazunguka kama konokono, nyekundu na kijani na manjano zimepakwa bapa, na leo wasanifu wa michoro wanazitazama wakishangaa kwamba zilitangulia mitindo ambayo Ulaya ilikuja kujisifia miaka kadhaa baadaye. Zilikusanywa kitabuni mwaka 2018 na Whitney Battle-Baptiste na Britt Rusert. Jalada linabeba jina la Du Bois, na anastahili. Ila hazikuchorwa kwa mkono wake peke yake. Walikuwapo wanafunzi na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Atlanta, na wengi wao hutawaona wametajwa kwenye chati zenyewe. Basi hata mahali ambapo mtu aliyedharauliwa amejisemea mwenyewe, mbele ya dunia nzima, kwa heshima kubwa, bado Kizimkazi imejirudia: sheikh yupo, wachongaji hawapo. Sisemi hivi kumpunguza Du Bois. Nasema ili mwanafunzi asidhani kwamba jina moja jeusi kwenye jalada limemaliza kazi.

Jina linaweza hata kuwa blanketi. Sisi Tanzania tunajua hili kuliko wengi. Edward Said Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, rangi za mafuta juu ya vibao vya mraba, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu. Jina lake likawa la mtindo, mtindo ukawa biashara, na leo mtalii ananunua "Tingatinga" bila kugeuza picha kuona nyuma yake imesainiwa na nani. Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia, watu waliojifunza kwake wenyewe, ni wangapi wanaweza kuwataja? Tulimpa mmoja jina kubwa mno, likawalalia wenzake. Kwa wachongaji wa Kimakonde mambo yalikuwa mabaya zaidi, jina la kabila lilitosha. Ndiyo maana nawaelekeza wanafunzi kwa Zachary Kingdon, kitabu chake cha mwaka 2002 juu ya vinyago vya mashetani, ambamo Samaki Likankoa na wenzake ni watu, wana majina.

Kuhusu majarida nitasema kwa kifupi. Revue Noire, lililoanzishwa Paris mwaka 1991, ni la kutazama. Picha zake zinamfundisha kijana kwamba mpiga picha wa Bamako au Maputo hakusubiri ruhusa ya mtu. Halichapishwi tena, lakini nakala huonekana kwa wauza vitabu vya mtumba. Nka, lililoanzishwa mwaka 1994 na Okwui Enwezor na wenzake, ni la kusoma, gumu, Kiingereza chake kinaumiza kichwa, na bei yake inaumiza zaidi. Nalipenda kwa jambo moja: humo msanii wa Kiafrika hubishiwa. Huambiwa kazi hii haikufika, hoja hii imechakaa, picha ile ni marudio. Wako wanaoona kwamba heshima ni kusifu tu, na vitabu vingi vya siku hizi vya "sauti mbalimbali" vimeandikwa hivyo: sura mia moja, kila mtu na nusu ukurasa wake, kila mtu ni wa ajabu, kila mtu anavunja mipaka. Ukimaliza hukumbuki hata mmoja. Wapokezi wa Hadithi walipewa heshima kubwa kuliko hiyo. Waliambiwa wazi yupi ni dhaifu.

Na hapa ndipo ninapodhani hofu ya Mjomba inapata dawa yake. Aliogopa jina kwa sababu alilijua kama mlango wa sifa. Hakuna aliyemwonyesha kwamba lawama nayo huingilia mlango huohuo. Fudhail bin Iyadh, mcha Mungu wa zama za mwanzo, alikwenda mbali kuliko Mjomba, akaona kwamba hata kuacha tendo kwa kuchelea watu ni ria, kwa kuwa bado watu ndio waliokushika. Sitamtwika Mjomba hilo. Moyo wake aliujua Mola wake. Lakini nawaambia wanafunzi wanaojidai wanyenyekevu, wale ambao hawatii jina kwenye mchoro: ikiwa mchoro ni mbovu, nimkate nani alama?

Mwaka jana alinijia dada mmoja anayekusanya picha za milango ya visiwani kwa ajili ya kitabu. Aliukuta ule mlango wa hotelini, akauliza, akaelekezwa kwangu. Alitaka jina la fundi. Nilimwomba muda, nikaenda mtaa wa Malindi kwa mzee mmoja aliyekuwa mwanafunzi wa Mjomba, aliyekaa naye kibarazani miaka mingi kuliko mimi. Nilimsalimia, nikamweleza shida yangu. Nilitaraji aniambie niache, marehemu hakupenda.

"Mtaje," alisema. "Yeye alikataa kujitaja, hakukataza watu. Na mimi unitaje."

"Wewe, Babu?"

"Ubao wa kushoto, ua la tatu kutoka chini. Lile nimechonga mimi, nikiwa na miaka kumi na minne. Limekwenda mrama, petali moja fupi, patasi ilinikimbia. Mjomba wako aliliona akaliacha, akasema mwenye nyumba ameshalipa."

Nilikwenda hotelini kutazama. Ni kweli, petali moja ni fupi, na ukishaliona hulioni tena jambo jingine kwenye mlango ule. Maelezo niliyompa yule dada ni mistari mitatu: jina la Mjomba na la fundi aliyemfundisha, jina la mzee wa Malindi, na ua la tatu, ubao wa kushoto, petali fupi. Alinipigia simu kuuliza kama kweli nataka hilo la mwisho lichapwe, asije akaivunjia familia heshima. Nikamwambia ikiwa nafasi ni finyu, aondoe neno "mashuhuri" alilokuwa ameliongeza mwenyewe, ua alibakishe.